Fundi Aliyeapa Kumzika Baba

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikienda kubalansi matairi pale Kwa Mathias, kijana huweka gurudumu kwenye mashine yake, mashine ikazunguka na kulia na kutoa tarakimu, kisha huniambia, "Dada, iko sawa." Namshukuru, lakini kabla hajashusha jeki nachuchumaa, nashika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, nalitikisa. Wateja wengine hunitazama, maana nimevaa nguo za ofisini na viatu vya kisigino. Kijana mwenyewe ameshanizoea. Mikono ikiwa bado kwenye mpira, ile harufu ya tairi jipya na maji ya sabuni hunipanda puani, nami nakuwa tena Mlandizi, kwenye gereji ya Fundi Kondo, mtoto wa darasa la tatu aliyekaa juu ya ringi kuukuu akimlinda baba yake asiuawe.

Tulikuwa wageni Kibaha. Baba alihamishwa kikazi kutoka Tabora, na kama watumishi wengi wa wakati ule, hakumaliza mwaka kabla hajanunua shamba. Alilipata Chole, hii ya Kisarawe, si ile ya kisiwani. Lilikuwa shamba zuri la mihogo na mananasi, ila njia yake ilikuwa balaa. Kiangazi mchanga, masika utelezi, na katikati mashimo ambayo hayakujali ni msimu gani. Baba akanunua gari kuukuu la porini, lenye mabati yaliyobonyea, na baada ya muda likarudi nyumbani likiwa limeinuliwa juu kwa springi ndefu na kuvalishwa matairi makubwa yenye meno. Watoto wa mtaani walilibatiza Twiga. Mama alilitazama akauliza, "Nani kakufanyia hivi?" Baba akajibu, "Kondo wa Mlandizi. Si ulisema nimtafute fundi anayejulikana?" Mama akaguna. Kwa mama, mguno ulikuwa na maana nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa ya sifa.

Ugonjwa wa Twiga ulijitokeza tukiwa tunarudi Chole na shehena ya mihogo, mimi nimekaa katikati ya baba na mama. Njia ilikuwa imenyooka, baba amekanyaga mafuta kidogo, gurudumu la mbele likapiga shimo. Usukani ukaanza kucheza. Ulicheza kidogo kwanza, halafu ukawa unarushwa kushoto na kulia kwa nguvu, mikono ya baba ikirushwa nao, mbele yote ya gari ikitetemeka hadi meno yangu yakagongana. Gari lilikuwa linakwenda linakotaka. Baba hakukanyaga breki ghafla. Aliachia mafuta, akaubana usukani, gari likapunguza mwendo hadi mtetemeko ukaisha wenyewe. Mama alikuwa ameshika goti langu, na kucha zake ziliacha alama. "Barabara hii mbaya," baba akasema. "Barabara haina mikono," mama akajibu.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa nyumba ya mashaka. Mama alimshuku fundi. Alikuwa na hadithi zake za mafundi wanaochomoa kifaa kizima na kukuwekea kibovu, na alizisimulia kila baba alipokuwa akila, ili asiweze kuondoka. Baba alishuku barabara, akashuku matairi, akamshuku aliyemuuzia matairi. Mama hakuwa mtu wa maneno matupu. Ijumaa jioni alichukua chupa yake ya rangi nyekundu ya kucha, akatoka nje kama anayekwenda kuanua nguo, akayatia alama matairi ya mbele kwa upande wa ndani, pamoja na kila chuma ambacho mkono wake ulifikia huko chini. Kisha akaniita jikoni. "Kesho unakwenda na baba yako Mlandizi. Kaa umtazame yule fundi mikono. Usimtazame usoni, uso wa fundi haukuambii kitu. Mtazame mikono."

Nilimtii kuhusu mikono. Kuhusu uso nilimkaidi, na nashukuru mpaka leo.

Fundi Kondo alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma iliyokolea grisi. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, askari," kama vile alikuwa anajua nimetumwa. Halafu akamgeukia baba yangu, mtu mzima, mtumishi wa serikali, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Mpagazi wewe, hujafa tu? Mimi nimeshafua kanzu ya mazishi."

Nilisimama pale pale. Baba akacheka. Fundi akaendelea, huku akilizunguka gari letu, kwamba baba atakufa mwaka huu huu, kwamba yeye Kondo ndiye atakayemzika, na kwamba jeneza halitatoka nyumbani mpaka yeye atakaporidhika. "Nimeapa," akasema. "Ubwabwa wako nitaula na ukoko." Baba akajibu kwamba Mzaramo akisikia ngoma hutupa spana, kwa hiyo hata kaburi hatalimaliza kulichimba. Wote wawili wakafurahi sana. Mimi nilikaa juu ya ringi kuukuu, macho kwenye mikono ya fundi. Sikuelewa mtu anawezaje kutangaziwa kifo chake na akacheka, na nikaona jibu ni moja tu, kwamba baba alikuwa hayaamini maneno ya adui yake. Ilibidi mimi niyaamini kwa niaba yake.

Kisha yakaja mambo ya chaki. Fundi alilipandisha gurudumu la mbele kwa jeki, akalizungusha kwa mkono, akachuchumaa na kipande cha chaki amekishika karibu kabisa na mpira, bila kukitembeza, midomo yake ikichezacheza. Tairi lilipozunguka, chaki iliacha mistari upande mmoja tu. Upande mwingine haikugusa. Akautazama ule weupe, akatikisa kichwa, akamwambia baba neno kwa sauti ya chini. Sasa, kule Tabora niliwahi kumwona mganga akipaka unga mweupe kwenye mlango wa jirani yetu, na jirani hakumaliza mwezi. Niliitazama ile mistari kwenye tairi la baba yangu, nikaanza kuhesabu siku zilizobaki mwezi ule. Halafu fundi akafungua matairi, akayahangaisha huku na kule, akayafunga tena, na baba akaliendesha kuelekea Chole kulijaribu. Nilikataa kubaki. Nililia hadi nikapandishwa. Hoja yangu, ambayo sikumwambia mtu, ilikuwa kwamba mchawi hawezi kuua mbele ya shahidi.

Njia nzima nilitazama mikono ya baba kwenye usukani. Ilitulia kuliko kawaida. Kilichotetemeka sasa kilikuwa kiti. Nilikisikia makalioni, mtetemeko mdogo wa kukera. Baba naye alikisikia, maana alisema peke yake, "Ahaa." Lakini tulipopiga shimo, usukani ukaruka tena kama siku ile. Baba akaubana hadi mishipa ya mikono ikamtoka. Nilifumba macho na kusoma sura zote nilizozijua, ambazo hazikuwa nyingi.

Jioni mama alichukua tochi akaingia uvunguni. Alitoka na magoti yenye vumbi na uso wa ushindi. Matairi ya mbele hayakuwa na rangi nyekundu. "Ameyaiba," akasema. "Kakuwekea ya mtu mwingine." Baba akaanza kusema kitu, mama akamwonyesha kiganja. Jumamosi iliyofuata tutakwenda wote, akasema, na yeye ndiye atakayeongea.

Aliongea kweli. Alimwamkia Fundi Kondo kwa heshima zote, akamuuliza habari za watoto, halafu akamuuliza matairi yetu yako wapi. Fundi hakukasirika. Alimwongoza hadi nyuma ya gari, akainama, akaonyesha kwa kidole: doa jekundu, upande wa ndani. Akaenda upande wa pili: doa jekundu. "Nimeyahamisha, shemeji," akasema. "Usukani ukicheza, na hujui kama ugonjwa ni wa mpira au wa chuma, unayapeleka matairi ya mbele nyuma. Mtetemeko ukihamia kwenye kiti, basi tairi lina neno. Hilo la kushoto limevimba, chaki imelionyesha. Rangi nzuri hiyo, lakini. Ya harusini?"

Mama aliona haya, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mimi nikaona tunashindwa. Nikasema kwa sauti, mbele ya wote, "Lakini amesema atamzika baba. Amesema ameapa."

Halafu mama yangu, aliyekuja kupigana, akacheka hadi akakaa kwenye ringi. Baba akanivuta karibu, akaniambia kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu mababu zetu walipoteremka pwani na mizigo ya watu mabegani, ndiyo maana tunaitwa wapagazi. Kwamba mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kuku wako, hata kukuzuilia maiti yako, na huruhusiwi kununa. "Huyu ni ndugu," akasema. Nilitikisa kichwa kukubali. Ndani sikukubali hata kidogo. Niliona ni kanuni nzuri sana kwa mtu anayetaka kuua na asishtakiwe.

Fundi alisema kazi haijaisha, kwa sababu ule mruko wa kwenye mashimo ni ugonjwa wa pili, nao umo kwenye chuma. Mama, kwa kuficha haya yake, akasema anakwenda kununua vitumbua ng'ambo ya barabara. Fundi akanitazama. "Askari, panda kwenye usukani. Nikikwambia, zungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, usiache." Akatandika gunia, akalala chali, akajivuta chini ya gari hadi zikabaki kandambili zake tu.

Nilipanda. Miguu yangu haikufika chini. Nilizungusha kushoto, nikazungusha kulia, na kutoka chini ya sakafu nikasikia mlio mdogo, tak, tak, kila nilipogeuza. "Tena," akasema. Tak. Nilipozitazama zile kandambili kupitia mlangoni, wazo likanijia ambalo lilinisumbua sana. Mtu anayetaka kutuua alikuwa amelala chini ya gari letu, na aliyeshika usukani juu ya kifua chake nilikuwa mimi, ambaye dakika chache zilizopita nilimwita muuaji. Hakumwita baba. Aliniita mimi.

Alipotoka alikuwa amebadilika. Hakufuta mikono, hakutania. Alisimama mbele ya baba akasema, "Maganga, wiki iliyopita sikukuuliza. Nani kainua gari hili?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaja jina la baba yangu. Baba alitazama ng'ambo ya barabara alikokuwa mama, kisha akatazama chini. Akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja kitu kwamba ni kijana mmoja wa kuchomelea, huko Kibaha, kwa kuwa mvua zilikuwa zinakaribia, na Kondo alimwambia asubiri; na kwamba mama aliambiwa ni kazi ya Kondo.

"Nilikwambia usubiri kwa sababu ukiinua springi bila kurekebisha chini, ekseli inalala, magurudumu hayajirudishi yenyewe," fundi akasema. "Na hizi fimbo za usukani ncha zake zimelegea zote mbili, mtoto amezigonga kwa mkono wake nimezisikia. Maganga, ungemuua mkeo. Ungemuua huyu." Alinionyesha kwa kidole bila kugeuka. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Baba akatazama tena ng'ambo ya barabara. Mimi nilikuwa juu kwenye kiti, nimeshika usukani kwa mikono yote miwili, na nilisikia hasira ikinijaa mpaka masikioni. Siku zote zile nililinda mlango wa mbele, kumbe hatari ilikuwa imekaa nasi mezani ikila ugali. Kikulacho ki nguoni mwako. Tuliimba methali hiyo shuleni bila kujua uzito wake. Baba yangu alimdanganya mama usoni, akaacha fundi asiyehusika ashukiwe chini ya paa letu kila siku, naye akitafuna.

Mama alirudi na vitumbua kwenye gazeti. "Mmepata nini?" Baba akajifanya anatazama tairi. Fundi Kondo akachukua tambara, akafuta mikono polepole, akatabasamu. "Kosa langu, shemeji. Mpagazi huyu alinisumbua nimwinulie gari haraka haraka, nikasahau kukaza mambo mawili matatu. Nitarekebisha leo leo." Mama akamtazama kwa muda, akaguna ule mguno wake. Akamgawia kitumbua, kimoja, kidogo.

Alirekebisha. Aliweka ncha mpya kwenye zile fimbo, akapachika kabari za chuma kati ya springi na ekseli ili ekseli iinuke kwenye pembe yake, lile tairi lililovimba akaligeuza bembea ya wanawe. Tuliporudi Chole safari iliyofuata baba alipita mashimo yale yale kwa mwendo ule ule, na usukani ukatulia mikononi mwake kama mtoto aliyelala. Hakuna aliyesema kitu. Mama aliendelea kuwaambia majirani, kwa miaka, kwamba wasipeleke gari kwa Kondo, ni mtu mzuri ila anasahau kukaza. Baba alikuwa akisikia, akigeuza kituo cha redio. Na Fundi Kondo aliendelea kumwita mpagazi na kumuahidi kaburi, kila Jumamosi, mbele ya watu.

Nami niliendelea kumchunguza. Ushushushu haukuacha mwili wangu kwa sababu tu kesi imekwisha. Lakini sasa nilikuwa najifunza kumsoma, na nilikijua kitu ambacho nadhani hata mkewe hakukijua. Akitania, au akisema uongo wa kumsitiri mtu, baba alikuwa mpagazi. Akisema kweli, baba alikuwa Maganga. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akikosea.

Baba alifariki mwaka huu, kwa maradhi ya uzee, kitandani kwake. Alitaka kuzikwa Chole, shambani. Asubuhi ile, watu wamejaa uani Kibaha, jeneza limepandishwa kwenye gari la kukodi, mashehe wanahimiza msafara uondoke ili tuwahi, ndipo akaja Fundi Kondo. Amezeeka, anatembelea fimbo. Amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Alipita katikati ya watu hadi mbele ya gari, akailaza fimbo yake barabarani.

"Huyu mpagazi haendi popote," akasema. "Nilimwambia. Hatoki mpaka niridhike."

Watu walicheka huku wakilia, maana kilikuwa ndicho kitu ambacho baba angekitaka. Wengine wakaanza kutoa noti za kumkomboa marehemu. Kondo akazipokea, akazitia mfukoni, akatukana kidogo zaidi, akaanza kulizunguka gari, kama zamani, akipiga matairi kwa kiganja. Kwenye gurudumu la nyuma alisimama. Akainama kwa shida, akashika juu na chini, akatikisa.

"Maganga hapandi gari hili," akasema.

Watu wakacheka tena. Dereva akawasha injini. Mama, aliyekuwa ameketi kibarazani kati ya wanawake, alisema kwa uchovu, "Mpisheni, mpeni kingine aondoke. Huyu ana mambo yake tangu zamani." Shehe akatazama saa.

Nilisimama. Sikumtazama mikono, nilimtazama usoni. "Mama," nikasema, "hatanii." Nikateremka uani peku, nikapita kati ya wanaume, nikamwambia dereva azime gari anipe spana ya magurudumu. Dereva akasema alibadilisha tairi lile alfajiri, akalikaza vizuri. Nikamwambia alete spana. Nati zilikuwa zimelegea kiasi kwamba ya kwanza ilizunguka kwa vidole.

Mzee Kondo hakuwa na nguvu tena za kukaza, kwa hiyo alinionyesha kwa ncha ya fimbo: hii, sasa ile ya mkabala, sasa hii, usizifuatanishe. Nilikaza nikiwa nimepiga magoti, kanga ya msiba kichwani, jasho na machozi vikichanganyika. Nilipomaliza alishika gurudumu mwenyewe, juu na chini, akalitikisa kwa nguvu zake zote zilizobaki. Halikucheza.

Mama alikuwa amesimama kibarazani, anamtazama mtu ambaye miaka yote alisema anasahau kukaza, mkono mdomoni. Sijui alielewa kiasi gani. Naamini alielewa mengi.

Kondo aliokota fimbo yake barabarani. Akaweka kiganja kwenye ubavu wa jeneza, akakiacha hapo kidogo.

"Haya," akasema. "Nenda sasa, mpagazi."